Sura za blues: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha za wanamuziki wake

Wengi huanza kwa kusikia sauti, kisha siku moja wanaiona sura na maswali yanaanza. Hapa yamekusanywa yale yanayojirudia zaidi. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Kwa nini picha za wanamuziki wa blues zinathaminiwa kiasi hiki?

Kwa sababu ni chache mno. Waanzilishi wengi wa muziki huu walitoka katika familia za wakulima Weusi wa kusini mwa Marekani, waliolima pamba kwenye mashamba ya watu na kugawana mavuno na mwenye shamba. Magazeti makubwa hayakuwaandika, na tarehe zao za kuzaliwa mara nyingi ni za kubahatisha. Charley Patton, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa blues ya Delta (eneo la mashamba ya pamba kaskazini-magharibi mwa jimbo la Mississippi), alifariki mwaka 1934 akiwa amerekodi nyimbo zaidi ya 50, lakini picha yake inayojulikana ni moja tu. Kwa miaka mingi watu waliiona ikiwa imekatwa, uso na tai ya kipepeo basi. Picha nzima, ambamo ameketi na gitaa lake, ilijitokeza mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mtu anapokuwa na picha moja, kila kitu ndani yake kinageuka ushahidi: kola, viatu, namna vidole vinavyoshika nyuzi. Ndiyo maana mashabiki wa blues hubishana kuhusu picha kama wanasheria wanavyobishana kuhusu hati ya kiwanja.

Je, ni kweli kwamba Robert Johnson ana picha tatu tu?

Tatu ambazo hazina ubishi mkubwa, ndiyo. Johnson, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues, alizaliwa Hazlehurst, Mississippi, akarekodi nyimbo 29 katika vikao vya San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, kisha akafariki karibu na Greenwood tarehe 16 Agosti 1938, akiwa na miaka 27 hivi.

Picha ya kwanza ni ya studio. Amevaa suti ya mistari na kofia, amekunja mguu, gitaa liko mapajani, na anatabasamu kidogo. Ilipigwa Memphis kwa Hooks Brothers, studio ya ndugu wawili Weusi, Robert na Henry Hooks, iliyoanza kazi mwaka 1907. Ya pili ni ndogo, ya kibanda cha kujipiga mwenyewe kwa kutumbukiza sarafu. Ana shati, sigara mdomoni, na anakutazama moja kwa moja. Zote mbili zilitunzwa na dada yake, Carrie Thompson, na dunia ilianza kuziona katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, karibu nusu karne baada ya kifo chake. Ile ya studio ndiyo iliyowekwa kwenye jalada la mkusanyiko wa nyimbo zake zote uliotoka mwaka 1990 na kuuza nakala zaidi ya milioni moja.

Ya tatu ilitokea mwaka 2020. Dada yake wa kambo, Annye Anderson, ambaye wakati huo alikuwa amevuka miaka 90, aliitoa pamoja na kitabu cha kumbukumbu zake. Nayo ni ya kibanda, lakini humo Johnson anacheka waziwazi, gitaa mkononi. Kwa miaka mingi watu walikuwa wamemjenga kichwani kama kijana mwenye huzuni aliyeuza roho yake kwa shetani njiapanda. Picha ya dada yake inaonyesha kijana wa mjini aliyejipenda na aliyefurahia kutazamwa. Kwangu hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Na ile iliyonunuliwa mtandaoni, ya watu wawili?

Ilinunuliwa mwaka 2005 kwenye mnada wa intaneti, na mwaka 2008 jarida la Vanity Fair likaandika habari zake kwa kirefu. Inaonyesha wanaume wawili, na ikadaiwa kuwa mmoja ni Johnson na mwenzake ni Johnny Shines, rafiki yake wa safari. Mtaalamu wa kulinganisha sura katika kesi za polisi alisema sura zinafanana. Watafiti wengi wa blues waliikataa, na moja ya hoja zao ni kwamba mavazi yanaelekea kuwa ya kipindi cha baadaye. Nami niko upande wao. Sura kufanana ni ushahidi mwepesi. Picha inapaswa kuwa na ukoo: ilitoka kwa nani, aliipata wapi, nani aliyemjua marehemu ameitazama. Zile tatu za kwanza zina ukoo wa kueleweka, zimetoka mikononi mwa dada zake. Hii haina.

Kwa nini kwenye stempu ya posta Johnson hana sigara?

Posta ya Marekani ilipotoa stempu yake ya senti 29 mwaka 1994, mchoraji alifuata picha ya kibanda lakini sigara ikaondolewa, ili serikali isionekane inahimiza uvutaji. Midomo ikabaki imekaa vilevile, imebana kitu kisichokuwepo.

Nyimbo zinalia umaskini, mbona kwenye picha wamevaa suti?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu lake linafungua mambo mengi.

Mtu aliyeingia studio kwa Hooks Brothers alikuwa mteja. Alilipa, alichagua nguo, alijua picha ile itatumwa kwa mama, kwa mchumba, au itapelekwa kwa mwenye ukumbi ili apate kazi. Hakwenda kuonyesha taabu zake. Waliomwajiri wiki nzima walimwona katika nguo za shamba, na hapo studio ndipo alipoamua mwenyewe aonekane vipi. Mwanamuziki hasa alihitaji suti, kwa sababu suti ilimtangazia kila mtu kwamba huyu haokoti pamba, huyu anaishi kwa gitaa. Muddy Waters alikuwa bado mkulima kwenye shamba la Stovall, Mississippi, Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, alipomrekodi mwaka 1941 kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Alipopata nakala ya santuri yake, alivaa nguo zake nzuri akapigwa picha akiwa ameishika. Ukiitazama huwezi kumjua mkulima. Miaka miwili baada ya kurekodiwa alikuwa Chicago.

Sasa tazama kinyume chake. Huddie Ledbetter, anayejulikana kama Lead Belly, alitoka gereza la Angola, Louisiana, mwaka 1934, na John Lomax, baba yake Alan, akamtembeza kwenye kumbi za Wazungu wasomi. Lomax alitaka watu wamwone kwa mavazi ya mkulima au ya mfungwa, maana hayo ndiyo yaliyouza tiketi. Lead Belly mwenyewe alipenda suti iliyopigwa pasi na tai ya kipepeo. Picha za aina zote mbili zipo, na ukiziweka pamoja unaona mara moja ni zipi aliamua mwenyewe na ni zipi aliamuliwa.

Big Bill Broonzy naye alikuwa msanii wa Chicago aliyezoea suti nzuri na studio za kurekodi. Mwaka 1938 alipopanda jukwaa la Carnegie Hall, New York, kujaza nafasi ya Robert Johnson aliyekwisha kufa, alitambulishwa kama mkulima wa shambani. Hadhira ilitaka mkulima, ikapewa mkulima.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza picha inasema nini, uliza nani alilipia.

Tai ya Blind Lemon Jefferson imechorwa?

Inaonekana hivyo. Blind Lemon, Mtexas asiyeona, alianza kurekodi na kampuni ya Paramount mwaka 1926 na kufariki Chicago Desemba 1929. Picha yake maarufu ni ya matangazo ya kampuni, na tai ile imelala shingoni kwa namna ambayo kitambaa hakilali. Chini kuna salamu na sahihi ya mkono safi, ambayo ni vigumu kuamini iliandikwa na mtu asiyeona.

Paramount, kwa taarifa yako, ilikuwa mali ya kampuni ya kutengeneza viti huko Wisconsin. Walikuwa wakitengeneza makabati ya gramafoni, wakaona bora wauze na santuri za kuchezea humo. Picha za wasanii zilikuwa malighafi ya matangazo kwenye magazeti ya Weusi kama Chicago Defender, na baada ya tangazo kutoka hakuna aliyefikiri zitahitajika tena. Ukitaka kujua kwa nini picha zimebaki chache, anzia hapo.

Wanawake wako wapi?

Mbele kabisa, na picha zao ni nyingi kuliko za wanaume. Santuri za blues zilianza kuuzwa kwa wingi na Mamie Smith mwaka 1920, wakafuata Ma Rainey na Bessie Smith. Hawa walikuwa nyota wa majukwaa, wenye manyoya, shanga na mapambo ya kichwa. Ma Rainey alijulikana kwa mkufu wake wa sarafu za dhahabu, nao unaonekana pichani. Hapo hakuna cha kubahatisha, maana picha ilikuwa sehemu ya kazi yao.

Picha za Bessie Smith zinazopendwa zaidi zilipigwa New York mwaka 1936 na Carl Van Vechten, mwandishi Mzungu aliyewapiga picha wasanii wengi Weusi wa zama zake. Katika baadhi yake ameshika manyoya makubwa na anacheka. Mwaka uliofuata alikufa kwa ajali ya gari karibu na Clarksdale, Mississippi. Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 1970, Janis Joplin na Juanita Green walipolilipia. Sura yake ilikuwa inauza majalada ya santuri miaka yote hiyo.

Kwa nini picha nyingi za miaka ya 1960 ni za wazee?

Kwa sababu vijana Wazungu wa miji ya kaskazini walikuwa wamezipenda santuri za zamani na wakaenda kuwatafuta walioimba. Mississippi John Hurt alipatikana mwaka 1963 huko Avalon, kijiji alichokitaja mwenyewe katika wimbo wa 1928. Son House alitafutwa Mississippi, kumbe alikuwa Rochester, New York, na gitaa alikuwa ameliacha kwa miaka. Alipatikana Juni 1964 na vijana watatu, mmoja wao Dick Waterman.

Waterman, aliyefariki mwaka 2024, anastahili kutajwa peke yake. Alikuwa meneja wa wazee hawa, akawatafutia maonyesho na kudai malipo yao, na kamera ilikuwa shingoni muda wote. Skip James akiwa amechoka kwenye kiti, Hurt na kofia yake, Son House akiwa amefumba macho: hizo ni picha za mtu aliyezoeleka chumbani. Mpiga picha wa gazeti anayepewa nusu saa hawezi kuzipata, hata kamera yake iwe bora mara kumi.

Wapo pia waliofuata kibaraza kibovu na ukuta uliobanduka rangi, kwa sababu ndivyo walivyodhani blues inapaswa kuonekana. Mzee anavua koti lake la kanisani kwa kuombwa, anashika gitaa mbele ya banda la kuku. Picha hizo ni nzuri, siwezi kukataa. Lakini zinarudia jambo lile lile alilofanyiwa Lead Belly.

Ernest Withers alikuwa mpiga picha au mpelelezi?

Vyote viwili. Withers, aliyeishi 1922 hadi 2007, alikuwa mwana wa Memphis na mpiga picha wa mtaa wa Beale. Alimpiga B.B. King akiwa kijana, alimpiga Howlin' Wolf, alipiga kumbi, harusi na misiba. Picha ya wafanyakazi wa kuzoa taka waliogoma Memphis mwaka 1968, wakiwa na mabango ya kutangaza kwamba wao ni wanaume, ni yake. Mwaka 2010 gazeti la Commercial Appeal la mji huo lilifichua kwamba alikuwa pia mtoa habari wa FBI, akilipwa kuwaripoti viongozi wa harakati za haki za raia waliomwamini.

Watu huuliza kama picha zake za blues zitupwe. Sioni sababu. Waliomo ndani hawakumsaliti mtu, na wengi wao hawana picha bora kuliko hizo. Lakini ukiziandikia maelezo, usiifiche habari hiyo.

Picha za bati ni nini, na kwa nini bado zinapigwa leo?

Ni njia ya miaka ya 1850. Bamba jembamba la chuma lililopakwa rangi nyeusi (siku hizi aghalabu alumini) linamwagiwa kolodiani (kimiminika kinachonata), linachovywa katika nitrati ya fedha, linawekwa kwenye kamera likiwa bado bichi, na kusafishwa kabla halijakauka. Una dakika kumi, labda kumi na tano. Hakuna negativu, kila bamba ni nakala pekee.

Aliyeifanya ijulikane katika blues ni Tim Duffy wa North Carolina. Mwaka 1994 yeye na mkewe Denise walianzisha shirika la Music Maker, baada ya Duffy kukutana na Guitar Gabriel, mpiga gitaa wa Winston-Salem aliyekuwa akiishi kwa dhiki. Shirika huwasaidia wanamuziki wazee wa kusini kwa dawa, bili za nyumba, vyombo na safari za kazi. Picha za bati za Duffy zilionyeshwa mwaka 2019 katika Jumba la Sanaa la New Orleans, kwa jina Blue Muse.

Kolodiani haioni rangi kama jicho linavyoona. Inapokea mwanga wa samawati na kuikosa nyekundu, hivyo ngozi hutoka nyeusi zaidi na kila mkunjo na kovu huonekana kama limechongwa. Kwa mzee wa miaka 80 uso unakuwa ramani. Wengine wanaona ni heshima kubwa. Wengine wanaona ni kumrudisha mtu wa leo katika karne ya 19, karne ambayo babu yake alikuwa mtumwa. Mimi huangalia mavazi tena. Wengi katika picha za Duffy wamevaa walivyotaka, suti za kung'aa, kofia za manyoya, na hilo linanituliza.

Mbona mpiga gitaa anaonekana anatumia mkono wa kushoto?

Kwenye bati, picha hutoka imegeuzwa kama kwenye kioo. Tazama vifungo vya koti: kama upande umebadilika, picha ndiyo iliyogeuka. Lakini usikimbilie kurekebisha kila unachokiona. Albert King alikuwa wa kushoto kweli. Elizabeth Cotten naye alipiga gitaa la kawaida akiwa ameligeuza, besi kwa vidole na sauti ya juu kwa dole gumba. Kuna watu "wamezisahihisha" picha zake wakaziharibu.

Naweza kutumia picha hizi kwenye bango au video yangu?

Inategemea umri na mwenye picha. Marekani, kazi iliyochapishwa hulindwa kwa miaka 95 tangu kuchapishwa, ikiwa ni ya kipindi hicho cha zamani na haki zake zilihuishwa ipasavyo. Matangazo mengi ya Paramount ya miaka ya 1920 yamekwisha kuwa mali ya umma. Picha zilizopigwa na waajiriwa wa serikali ya Marekani kazini ni huru tangu mwanzo. Humo zimo za Marion Post Wolcott, aliyepiga watu wakicheza katika kilabu cha Weusi karibu na Clarksdale mwaka 1939.

Picha za Johnson ni hadithi nyingine. Ziligombaniwa mahakamani na pande mbili za familia, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Mississippi iliamua kwamba upande wa dada ulikuwa umechelewa kudai. Usizitumie kibiashara bila kuuliza. Kumbuka pia kwamba baadhi ya majimbo, Tennessee likiwemo, hulinda jina na sura ya mtu hata baada ya kifo, mbali na hakimiliki ya mpiga picha.

Naweza kuziona wapi?

Bila nauli, tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ina za Van Vechten na za wapiga picha wa serikali wa miaka ya 1930. Ukifika huko, kuna Delta Blues Museum mjini Clarksdale tangu 1979, makumbusho ya B.B. King huko Indianola tangu 2008, na nyumba ya kazi za Withers katika mtaa wa Beale. Barabarani Mississippi kuna vibao vya Blues Trail, vilivyoanza kusimikwa mwaka 2006. Wageni wengi husoma upande wa mbele na kuondoka. Zunguka nyuma, picha ziko huko.

Kuna uhusiano wowote na kwetu?

Mdogo lakini wa kweli. Taj Mahal, mwanablues aliyekuwa mstari wa mbele kuisaidia Music Maker, alirekodi na Culture Musical Club ya Zanzibar. Albamu ilitoka mwaka 2005 ikiitwa Mkutano: gitaa la Delta likikaa katikati ya kanuni na fidla.

Nataka kumpiga picha mzee mwanamuziki wa mtaani kwangu. Nianze vipi?

Nenda mara ya kwanza bila kamera. Mwulize mzee angependa avae nini na akae wapi, na umpe siku ya kujiandaa. Ukimkuta na kaunda suti iliyokaa sandukuni miaka mingi, usimwambie fulana ingependeza zaidi. Chombo akishike yeye anavyokishika. Kubalianeni mapema kwamba picha ikiuzwa naye anapata, na muandikishiane mbele ya mtoto au mjukuu wake. Mpelekee nakala ya karatasi, maana ya kwenye simu itapotea na simu. Nyuma ya nakala yako andika kwa penseli jina lake kamili, bendi alizopigia, mahali na tarehe. Kalamu ya wino hupenya hadi mbele.